Kiraka Kiwe na Mwenyewe: Ushauri kwa Wanaorekebisha Programu kwa Haraka

Ujumbe ninaopokea kutoka kwa waandishi wa programu, hasa walioanza kazi karibuni, hurudia swali lilelile kwa sura tofauti. Mfumo umekwama, wateja wanapiga simu, bosi amesimama nyuma ya kiti. Nirekebishe hivihivi ili kazi iende, au nitulie nitafute chanzo? Na nikirekebisha kwa haraka, wenzangu hawatasema nimelipua kazi?

Jibu langu ni hili: rekebisha, kisha uandike ulichofanya kabla hujaondoka kwenye kiti. Hakuna mfumo unaotumiwa na watu halisi usio na viraka. Mifumo mingi huangushwa na kiraka ambacho aliyekiweka ameshahama kazi, na waliobaki hawajui kama kipo, kinazuia nini, wala kitaacha kufanya kazi lini. Karibu ushauri wangu wote hapa chini unatokana na jambo hilo moja.

Mafundi wanaposema, wanamaanisha nini

Anayekuambia "nimepiga kiraka" na anayekuambia "nimewapitisha mchepuko" wamefanya mambo mawili tofauti, na kazi inayobaki baada ya hapo si moja. Ukipokea mfumo kutoka kwa mwenzako, muulize ametumia lipi kati ya haya:

- Kiraka, au pachi. Badiliko dogo linaloziba tundu kwenye programu. Zamani kilikuwa kiraka kwelikweli. Kompyuta ya Harvard Mark I, iliyoanza kazi mwaka 1944, ilisoma maagizo kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa, na aliyetaka kusahihisha kosa alibandika kipande cha karatasi juu ya matundu yaliyokosewa.
- Zimamoto, au hotifiksi. Kiraka kinachowekwa mfumo ukiwa kazini, nje ya ratiba ya kawaida, kwa sababu kusubiri kunaumiza.
- Mchepuko. Tatizo limeachwa palepale, watu wanapitishwa pembeni. "Risiti ikigoma kutoka kwenye simu, toa kwenye kompyuta ya kaunta." Msimbo haujaguswa hata herufi moja.
- Zima-washa. Jamaa wa mchepuko. Unaufanya mfumo usahau matatizo yake bila kujua uliyapata wapi.
- Kluji. Vipande visivyoendana vilivyolazimishwa kufanya kazi pamoja. Neno hili lilipata umaarufu kwa wanakompyuta baada ya Jackson Granholm kuliandikia makala katika jarida la Datamation mwaka 1962.
- Mankipachi. Kubadili tabia ya maktaba ya msimbo iliyoandikwa na wengine wakati programu inaendelea kukimbia, bila kugusa faili zake. Maktaba ikisasishwa, badiliko lako linaweza kupotea kimyakimya au likagongana na toleo jipya.
- Kulipua, au bora liende. Hapa hakuna dharura iliyomsukuma mtu. Alikuwa na muda wa kufanya vizuri, akaamua kutofanya. Usimruhusu mtu akuite mlipuaji kwa sababu ulizima moto, na wewe usijiite mzimamoto ikiwa kweli ulilipua.

Kabla hujagusa kitu

Jiulize maswali matatu, kwa mpangilio huu.

1. Uharibifu unaendelea au umesimama? Ukurasa wa ripoti usiofunguka unaudhi, lakini hauharibu kitu. Mfumo unaokata pesa za mteja mara mbili unaharibu kila sekunde. Wa pili ukate kwanza: zima sehemu ya malipo, weka tangazo, waambie wateja wasubiri. Kuzima sehemu moja ya mfumo ni uamuzi halali kabisa, na vijana wengi wanauogopa bure.
2. Nini kilibadilika karibuni? Toleo jipya, cheti cha usalama kilichoisha muda, diski iliyojaa, kampuni ya malipo iliyobadili anwani. Mara nyingi jibu liko hapa, na linapatikana kwa kuuliza watu kuliko kusoma msimbo.
3. Ninaweza kurudi nyuma? Kama huna njia ya kurudi ulipokuwa kabla ya kurekebisha, tafuta njia hiyo kwanza. Nakala ya hifadhidata iliyochukuliwa kabla ya kiraka ina thamani kuliko kiraka chenyewe.

Utaniambia hakuna muda wa maswali yote hayo. Upo. Yanajibika wakati kompyuta inafungua faili.

Hatua za kuweka kiraka

1. Piga picha ya hali ilivyo: ujumbe wa kosa, saa lilipotokea, logi za dakika za mwisho. Ukizima na kuwasha kabla ya hapo, ushahidi unaondoka.
2. Chukua nakala ya data utakayoigusa.
3. Kama toleo la jana lilikuwa zima, fikiria kurudi huko badala ya kubuni kitu kipya.
4. Badili kitu kimoja tu. Ukibadili vitatu na tatizo likatoweka, hujui ni kipi kilichosaidia, na viwili vilivyobaki vitakusumbua mwezi ujao.
5. Jaribu mahali pasipo na wateja, hata kama ni kwenye kompyuta yako ya mkononi ukiwa na rekodi 10 za mfano.
6. Mwite mwenzako asome kabla hujakipeleka. Kama uko peke yako, kisome kwa sauti. Wengi hukamata kosa lao kwa masikio.
7. Kipeleke, kisha hakikisha kimefika kwenye seva zote.
8. Andika.

Hatua ya 7 naona watu wanaipuuza, kwa hiyo nikueleze kilichoikuta kampuni ya hisa ya Marekani iitwayo Knight Capital tarehe 1 Agosti 2012. Walikuwa na seva 8 za kutuma oda sokoni. Msimbo mpya ulinakiliwa kwenye 7, ya 8 ikasahaulika. Zaidi ya hapo, msimbo mpya ulitumia tena swichi ya zamani ambayo miaka mingi nyuma iliwasha kazi nyingine, kazi iliyokuwa haitumiki tena lakini haikufutwa. Soko lilipofunguliwa, ile seva ya 8 ikaifufua kazi ile na kuanza kumwaga oda za kununua na kuuza bila kukoma.

Kisha wakafanya kosa ambalo kila mtu aliye kwenye taharuki anaweza kulifanya. Wakadhani tatizo ni msimbo mpya, wakauondoa kwenye zile seva 7 zilizokuwa nzima. Sasa zote 8 zikawa zinaendesha msimbo wa zamani huku swichi imewashwa. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 440. Mamlaka ya masoko ya Marekani ilipochunguza iligundua kwamba kabla soko halijafunguliwa asubuhi hiyo, mfumo ulikuwa umetuma baruapepe 97 zinazoonyesha kasoro, na hakuna aliyezifanyia kazi.

Kuna mambo ya kubeba hapo:

- Usitumie tena swichi, safu ya hifadhidata au jina la zamani kwa kazi mpya. Tengeneza jipya.
- Msimbo usiotumika ufute. Git inakutunzia historia.
- Kurudi nyuma nako ni badiliko. Nako kujaribiwe, nako kuthibitishwe kwenye kila seva. Ndiyo maana katika hatua ya 3 nimesema fikiria. Sikusema rudi tu.
- Ujumbe wa onyo unaotumwa kwa watu 40 ni kama haujatumwa. Uende kwa mtu mmoja mwenye jina na zamu.

Kiandike, na uandike kwa namba

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike makala.

Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, jeshi la Marekani lilikuwa na mitambo ya Patriot ya kuzuia makombora huko Dhahran, Saudi Arabia. Kompyuta ya mtambo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na kwa namna ilivyohifadhi namba hiyo kulikuwa na kijikosa kidogo mno kilichoongezeka kila mtambo ulivyozidi kukaa umewashwa. Waisraeli, waliokuwa na mitambo hiyohiyo, walikwishaona kwamba baada ya saa 8 tu usahihi umepungua. Mchepuko ulikuwapo na ulikuwa rahisi: zima, washa, hesabu inaanza upya.

Siku chache kabla ya maafa, askari walitumiwa taarifa kwamba kuuacha mtambo ukifanya kazi kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta shida. Taarifa haikusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Tarehe 25 Februari mtambo wa Dhahran ulikuwa umekaa zaidi ya saa 100 bila kuzimwa, na saa yake ilikuwa imekosea kwa thuluthi moja ya sekunde. Ulitafuta kombora la adui mahali ambapo halikuwapo. Kombora likapiga bweni na kuua askari 28. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Linganisha na mwaka 2015. Iligundulika kwamba ndege ya Boeing 787 ikikaa siku 248 bila umeme wake kuzimwa kabisa, kihesabu kilichomo kwenye vidhibiti vya jenereta hujaa, na ndege inaweza kupoteza umeme wote wa jenereta. Dawa ya muda ilikuwa ileile ya zima-washa. Safari hii mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliandika namba: umeme uzimwe katika vipindi visivyozidi siku 120. Fundi wa zamu hahitaji kuelewa kihesabu ili kutii agizo hilo. Anahitaji kalenda tu.

Kwa hiyo unapoandika kiraka chako, maneno kama "mara kwa mara", "kwa muda", "ikizidi sana" na "baadaye" yafute. Weka saa, siku, idadi ya rekodi. Ndani ya msimbo, juu kabisa ya mstari uliougusa, andika maelezo ya namna hii:

KIRAKA, 12 Mei.
Tatizo: ripoti ya mauzo inagoma ikizidi mistari 5,000.
Kilichofanyika: imekatwa, inaonyesha mistari 5,000 ya mwisho tu.
Kinachopotea: mauzo ya nyuma hayaonekani kwenye ripoti, ila yamo kwenye hifadhidata.
Kitafeli lini: siku duka litakapouza zaidi ya mistari 5,000 kwa mwezi. Sasa wako 3,200.
Mwenyewe: jina lako.
Kiondolewe: kabla ya 30 Juni.

Mistari 7. Angalia ule wa "kinachopotea", maana ndio unaorukwa na karibu kila mtu. Kila kiraka kinachukua kitu. Kama hukioni kilichochukuliwa, hujakielewa kiraka chako bado. Na neno KIRAKA liandikwe vilevile kila mahali, kwa herufi kubwa, ili litafutike.

Tena, usiishie kwenye msimbo. Mpigie simu au mwandikie anayepokea malalamiko ya wateja. Yeye ndiye atakayeulizwa mauzo ya Januari yamekwenda wapi.

Makosa yanayojirudia Afrika Mashariki

Kuna viraka ambavyo nikivikuta kwenye mfumo najua viliwekwa usiku. Hivi vya kwetu ndivyo vya kuangalia kwanza.

Kiwango cha kodi kilichochomekwa ndani ya msimbo. Mtu ameandika zidisha kwa 0.16 katika faili 12 kwa sababu VAT ya Kenya ilikuwa asilimia 16 tangu alipoijua. Tarehe 1 Aprili 2020 ikashuka hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Waliochomeka namba walibadili faili 12 mara mbili, na aliyesahau moja alitoa ankara zisizolingana na ripoti zake. Kiwango kikae kwenye jedwali, pamoja na tarehe kilipoanza na kilipokoma. Tarehe ni ya lazima, kwa sababu ankara ya Mei 2020 ukiichapisha leo lazima bado isome 14.

Kukagua namba ya simu kwa tarakimu mbili za mwanzo. "Namba lazima ianze na 07." Kiliwekwa kuzuia watu kuandika upuuzi, na kilifanya kazi miaka mingi. Mwaka 2019 namba zinazoanza na 01 zikaanza kutolewa Kenya, na wateja wenye laini mpya wakaambiwa namba zao si sahihi. Tanzania nako zipo za 06. Kagua urefu na kwamba zote ni tarakimu, halafu ithibitishe namba kwa kutuma ujumbe mfupi.

Kujumlisha saa 3. Seva inaonyesha saa ya Greenwich, Nairobi na Dar es Salaam ziko saa 3 mbele, kwa hiyo fundi anajumlisha 3 na kuendelea. Kazi inakwenda mpaka kampuni ipate mteja Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi, ambako ni saa 2 mbele, au Kinshasa ambako ni 1. Au mpaka mtu mwema airekebishe saa ya seva yenyewe, ndipo mnajikuta mmejumlisha mara mbili. Hifadhi muda kwa saa ya Greenwich, ugeuze wakati wa kuonyesha, na utumie jina la eneo badala ya kujumlisha kwa mkono. Na kama mfumo wako unaandika saa kwa Kiswahili, weka kanuni moja ofisi nzima: saa 2 asubuhi ya mama anayefungua duka si saa 2 ya kompyuta.

Kumeza kosa. Programu ikikosea, msimbo unaambiwa uendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Skrini inakuwa safi, bosi anatabasamu, na miamala inapotea bila alama. Hiki nakichukia kuliko vyote. Ukilazimika kuzuia kosa lisimfikie mteja, liandike kwenye logi na lihesabu. Idadi ikipanda, simu ya mtu ilie.

Kusahihisha data moja kwa moja kwenye hifadhidata. Mteja amekosewa jina, fundi anaingia na kubadili. Siku moja anasahau sharti la mstari upi, na wateja wote wanakuwa na jina moja. Ukilazimika:

- anza na amri ya kusoma yenye sharti lilelile, uone inarudisha mistari mingapi;
- fungua muamala, badili, linganisha idadi, ndipo ukubali badiliko au ulitengue;
- hifadhi amri uliyotumia, pamoja na tarehe na jina la aliyeiomba.

Nywila ndani ya msimbo. "Nitaitoa kesho." Ikishaingia kwenye Git imeingia kwenye historia, na kuifuta kwenye faili la leo hakuiondoi kule. Nywila hiyo ibadilishwe, hakuna njia nyingine.

Pasipowekwa kiraka cha haraka

Kuna sehemu ambapo nakuomba uzime huduma kuliko kubahatisha: hesabu ya salio la mtu, kipimo cha dawa, na mlango wa kuingilia, yaani nani anaruhusiwa kuona nini.

Kwenye usalama kuna tahadhari ya ziada. Desemba 2021 ilitangazwa hitilafu kubwa katika Log4j, maktaba ya kuandika logi inayotumiwa na programu nyingi za Java duniani. Watu walihimizwa kubadili mpangilio mmoja kama kinga ya haraka, na toleo lililorekebishwa likatoka. Siku chache baadaye ikaonekana kwamba kinga ile haikutosha katika mazingira yote, na toleo lile nalo lilikuwa na mapengo. Mwezi huohuo yakatoka matoleo mengine. Aliyeweka kinga siku ya kwanza na kufunga faili alilala akiamini yuko salama. Kiraka cha usalama ukishakiweka, fuatilia taarifa za tatizo hilo kwa wiki kadhaa, na mpe mtu mmoja kazi hiyo kwa jina.

Kiraka kizuri kinavyofanana

Ili usidhani nachukia kazi ya haraka, mfano ninaoupenda ni wa Februari 1971. Alan Shepard na Edgar Mitchell walikuwa wanauzunguka mwezi ndani ya chombo cha Apollo 14, wakijiandaa kutua. Swichi ya kuahirisha kutua ilianza kutuma ishara yenyewe bila kuguswa. Kama ingefanya hivyo wakati wa kushuka, kompyuta ingeamini rubani ameahirisha na kukirudisha chombo juu. Programu ilikuwa imesukwa kwa nyaya ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo haikuwezekana kuibadili.

Huko Massachusetts, kijana Don Eyles, aliyekuwa miongoni mwa walioandika programu ya kutua, akapata njia: kuweka namba chache kwa kibodi ili kompyuta idhani tayari iko kwenye hali ya kuahirisha, na kwa hiyo isiisikilize swichi. Ilijaribiwa kwanza duniani kwenye mtambo wa kuigiza, ikasomwa kwa redio, wanaanga wakaibonyeza hatua kwa hatua. Walitua tarehe 5 Februari.

Nani hataki kuandika kiraka kama hicho? Lakini tazama kilivyokamilika. Kiligusa kitu kimoja. Kilijaribiwa kabla. Hatua zake ziliandikwa kwa mpangilio. Na kila aliyehusika alijua kilichopotea: kitufe cha kuahirisha hakitafanya kazi, na wakihitaji kuahirisha watatumia kibodi.

Pingamizi ninazozisikia

*"Bosi hataki kusikia habari ya kuondoa viraka. Anataka vitu vipya."* Mweleze kwa lugha ya deni. Mwandishi wa programu Ward Cunningham alilitumia neno hilo mwaka 1992 akieleza kazi ya programu: ukiharakisha leo unakopa, na riba unalipa kila unapogusa msimbo ule. Bosi wa biashara anaijua riba. Usimwambie msimbo ni mbaya. Mwambie kila badiliko kwenye ripoti sasa linachukua siku 3 badala ya 1 kwa sababu ya kiraka cha Mei.

*"Nikiandika jina langu, nitalaumiwa."* Katika ofisi mbaya, inawezekana. Hata hivyo Git inalo jina lako tayari. Afadhali likutwe kando ya maelezo mazuri.

*"Kinafanya kazi, kwa nini nikiguse?"* Wakati mwingine uko sahihi. Kiraka kilichoandikwa vizuri, chenye masharti ambayo hayatafikiwa, kinaweza kukaa. Badili tarehe ya kuondolewa kuwa tarehe ya kukaguliwa.

*"Niko peke yangu, hakuna wa kukagua."* Kiache kilale usiku mmoja kama hakuna uharibifu unaoendelea. Wewe wa asubuhi ni mkaguzi mzuri kuliko wewe wa saa 7 usiku.

Neno kwa mwenye biashara

Kama huandiki programu ila unamlipa anayeandika, fundi akikuambia "imekaa sawa" usiishie kushukuru. Muulize:

- Ni marekebisho ya kudumu au kiraka?
- Kuna kitu tulichokuwa tunaweza kufanya jana ambacho leo hatuwezi?
- Kitafeli lini, au kwa jambo gani?
- Nikulipe siku ngapi ili ukiondoe?

Swali la mwisho ni la haki kwenu wote. Viraka vingi vinabaki kwa sababu hakuna aliyelipwa kuviondoa, na fundi hana namna ya kukudai kazi ambayo hukuwahi kuiagiza.

Siku ya kuviondoa

Miaka ya 1990 mifumo mingi ilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili. Waliojiandaa kwa mwaka 2000 hawakuandika upya kila kitu. Baadhi yao waliweka kanuni ya muda: namba ndogo, tuseme chini ya 20, ihesabiwe ni miaka ya 2000, na zilizobaki ni za 1900. Waliamini mifumo ile itakuwa imestaafu mapema. Januari 2020 ilipofika, baadhi ilikuwa bado kazini, ikasoma 20 kama 1920. Hitilafu nyingine ya namna hiyo inakuja: tarehe 19 Januari 2038 mifumo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 itaishiwa nafasi. Kama unaandika leo programu ya mikopo ya nyumba ya miaka 15, tarehe hiyo tayari imo ndani ya hesabu zako.

Ili viraka vyako visizeeke hivyo, tenga siku moja kila mwezi. Ijumaa ya mwisho inafaa, ila usipeleke badiliko lolote kwa wateja siku hiyo, maana Jumamosi hakuna mtu ofisini. Orodhesha viraka vyote, anza na vile ambavyo sharti lake linakaribia, ondoa kimoja au viwili. Usijaribu kuvimaliza vyote kwa mpigo. Kila unapoondoa kimoja, fuata hatua 8 za juu kama vile unakiweka, ila ile ya kupeleka isubiri wiki inayofuata.

Kesho asubuhi, kabla hujaanza kazi mpya, tafuta neno KIRAKA katika msimbo wako. Kama hakuna hata kimoja na mfumo una zaidi ya mwaka, vipo ila havikuandikwa. Waite wenzako, muanze kuorodhesha mnavyovikumbuka, na kila kimoja kipewe jina la mtu na tarehe.